Neno "Ukarabati" na Michoro ya Kale: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa maneno yaliyofanya kazi kubwa katika Kiswahili cha ofisi, neno "ukarabati" lina nafasi ya mbele. Tunakarabati barabara, tunakarabati zahanati, mabweni ya shule, matangi ya maji na vivuko. Katika shughuli hizo neno linatosha, maana kinachotakiwa ni kimoja: kitu kilichochakaa kirudi kutumika. Ikibidi bati la zamani litupwe na jipya liezekwe, hapana anayelalamika. Tatizo huanza pale neno hili linapovuka mpaka wake na kuingia katika makumbusho, makanisa na mapango yenye michoro, kana kwamba mchoro wa kale nao ni bati.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo pamoja na wenzake wawili, "uhifadhi" na "urejeshaji", na kuonyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha dhana ambazo kwa sasa tunazichanganya. Nitatumia neno "mchoro" kwa maana pana, yaani picha yoyote iliyofanywa kwa rangi na mkono wa mtu, iwe mwambani, ukutani, juu ya ubao au juu ya kitambaa. Tuanze na sentensi hii:

"Mkandarasi atakarabati michoro yote iliyofifia, ataisafisha na kuirejesha katika hali yake ya awali."

Sentensi hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya uhakiki, wala haikutoka katika mkataba wa ofisi yoyote. Hata hivyo, kila mtumishi aliyewahi kuandika au kufasiri waraka wa zabuni ataitambua sauti yake. Kisarufi haina kosa. Ina vitenzi vitatu, na kila kimoja, kikitekelezwa na mtu mwaminifu kama kilivyoandikwa, chaweza kuuangamiza mchoro.

Ili hoja isielee hewani, tuchukue mchoro mmoja ambao historia yake inajulikana vyema. Baina ya mwaka 1495 na 1498 hivi, Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho katika ukuta wa bwalo la watawa wa Santa Maria delle Grazie, mjini Milano. Desturi ya wachoraji wa ukutani wa nchi ile ilikuwa kupaka rangi juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, ili rangi na chokaa vikauke pamoja na kuwa kitu kimoja. Mchoro wa namna hiyo huitwa fresko. Leonardo hakupenda haraka inayodaiwa na lipu mbichi. Alipaka rangi zake juu ya ukuta mkavu, na hata kabla hajafariki rangi ilikwisha kuanza kubambuka. Mnamo mwaka 1652 watawa walitoboa mlango katika ukuta ule ule, wakaondoa miguu ya Yesu. Mwaka 1726 akaja Bellotti akaupaka rangi upya. Mwaka 1770 akaja Mazza, akakwangua ya Bellotti na kupaka ya kwake, hata akazuiwa kabla hajamaliza. Wengine wakafuata katika karne ya 19 na ya 20. Mwezi Agosti 1943 bomu liliangusha sehemu kubwa ya bwalo. Ukuta wenye mchoro ulisalimika kwa kuwa ulikingwa kwa mifuko ya mchanga. Mwishowe, baina ya 1978 na 1999, Pinin Brambilla Barcilon pamoja na wenzake waliondoa rangi za waliotangulia, kipande kwa kipande, wakitumia hadubini. Pale ambapo rangi ya Leonardo haikuwapo tena, walijazia rangi ya maji iliyofifishwa, ili jicho lisikwazwe na pengo, wala lisidanganywe kwamba pengo halipo.

Natuulize basi: Bellotti, Mazza na Brambilla walikuwa wakifanya nini? Kwa Kiswahili cha ofisini jibu ni moja tu: walikarabati. Lakini kazi kubwa ya Brambilla ilikuwa kuondoa ukarabati wa Bellotti na Mazza! Lugha inayowaita kwa jina moja aliyepaka na aliyebandua haiwezi kumwongoza anayetaka kuandika mkataba, wala haimsaidii mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi kwa nini mmoja analaumiwa na mwingine anasifiwa.

Mfano wa pili ni mdogo lakini ulisambaa zaidi. Mwaka 2012, katika mji wa Borja nchini Hispania, muumini mmoja mwenye umri mkubwa aliuona mchoro wa uso wa Kristo, kazi ya Elías García Martínez, ukibambuka katika ukuta wa kanisa. Akachukua brashi akaupaka. Uso uliotokea ulichekwa dunia nzima. Tukikiacha kicheko, ambacho kwa maoni yangu kilizidi kiasi, mfasiri aliyepewa habari ile alikuwa na swali gumu mezani. Kwa maana ya kawaida ya neno, mama yule alikarabati: alikuta kitu kimechakaa, kwa nia njema akakifanya kipya. Kasoro haikuwa katika mkono wake peke yake. Hata kama angekuwa na mkono wa ustadi kuliko wa mchoraji mwenyewe, bado angekuwa ameufunika mchoro wa mtu mwingine kwa wa kwake. Hapo ndipo "ukarabati" unaposhindwa. Neno hili linapima kazi kwa upya wa kitu baada ya kazi, ilhali mlinzi wa mchoro wa kale huipima kwa wingi wa ukale uliosalia.

Napendekeza kwa hiyo neno hili libaki katika majengo, barabara na mitambo, na liondolewe kabisa katika michoro. Hata katika majengo ya kale ya pwani yetu latakiwa kuangaliwa, kwa kuwa fundi anayeambiwa "karabati" atachukua saruji, na saruji haipatani na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa: ni ngumu mno, huufungia unyevu ndani, na lipu ya kale huanguka pamoja nayo. Lakini majengo yanahitaji makala yake. Turudi kwenye michoro.

Tukiisha kuliondoa neno hilo, tuweke nini? Wasemaji wa lugha nyingine nao wamepata taabu hii. Kuna jina la cheo ambalo kwa Kiingereza humtaja fundi anayetibu mchoro kwa mikono yake, na neno la Kifaransa linalofanana nalo kwa sura humtaja msimamizi wa mikusanyo ya makumbusho, mtu ambaye pengine hajawahi kushika gundi. Kwa sababu ya mikanganyiko kama hiyo, kamati ya uhifadhi ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho ilipokutana New Delhi mwezi Septemba 2008 ilipitisha azimio la istilahi. Azimio hilo linaweka dhana moja kuu, ambayo bila shaka kwa Kiswahili ni "uhifadhi", na chini yake dhana tatu. Ya kwanza ni hatua zote zinazochukuliwa nje ya kitu chenyewe ili kisiharibike. Ya pili ni hatua zinazochukuliwa juu ya kitu ili kuuzuia uharibifu uliokwisha kuanza. Ya tatu ni hatua zinazochukuliwa juu ya kitu kilicho imara, ili kisomeke na kueleweka zaidi.

Kwa hizo mbili za kwanza hatuna haja ya kuhangaika. Kila mtu aliyepita katika kituo cha afya anayajua maneno "kinga" na "tiba", na anajua pia kwamba moja si jingine. Tukisema "uhifadhi wa kinga" na "uhifadhi wa tiba", mwanafunzi wa darasa la saba ataelewa bila kufafanuliwa. Yapo mapendekezo ya kutohoa maneno ya Kiingereza katika uwanja huu na kuyatia irabu mwishoni. Sina chuki na utohoaji. Nitautumia mwenyewe hapa chini. Lakini kutohoa pale ambapo zahanati imekwisha kutupa jozi ya maneno iliyo kamili ni uvivu.

Michoro ya miamba ya Kondoa inaonyesha jinsi tofauti hiyo ilivyo ya kweli. Eneo hilo, lenye mapango na miamba zaidi ya 150 iliyochorwa, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu na wanyama waliochorwa kwa ngeu juu ya mwamba wameishi miaka mingi bila fundi yeyote. Wanaharibiwa na jua, mvua, vumbi, moshi, mifugo inayojisugua, wageni wanaoandika majina yao, na wachimbaji wanaosaka hazina inayodhaniwa kufichwa na Wajerumani. Karibu yote yanayoweza kufanywa kwa faida yao ni kinga: kuzuia, kuelekeza maji, kuongoza wageni, kuzungumza na wanakijiji. Mtu akiandika katika mpango wa mwaka kwamba michoro ya Kolo "itakarabatiwa", ameandika, pasipo kukusudia, agizo la kuifuta. Maana ngeu mpya ikiwekwa juu ya ngeu ya kale hapana tena atakayeweza kuitazama ile ya kale.

Nimetaja wanakijiji, na sipendi kupita haraka. Baadhi ya miamba hiyo bado ni mahali pa matambiko ya mvua na uponyaji, na katika matambiko hayo pengine pombe ya nafaka humwagwa penye michoro. Kwa afisa, pombe ni uharibifu; kwa mzee wa tambiko, mwamba usiopewa haki yake ndio ulioharibika. Neno "uhifadhi" halituambii nani mwenye haki, wala si kazi ya istilahi kuamua. Ila tujue kwamba neno hili, ambalo katika nchi yetu limezoeleka kwa mbuga na wanyama, huja na harufu ya mpaka na ya askari wa wanyamapori. Mwenye kulitumia Kondoa na afikiri litasikikaje masikioni mwa Mrangi au Msandawe.

Dhana ya tatu ndiyo yenye mgogoro. Wengi husema "urejeshaji", na kwa mtazamo wa kwanza ni neno zuri, la Kiswahili, na lenye heshima. Lina dosari mbili.

Dosari ya kwanza ni kwamba limekwisha kuchukuliwa. Katika miaka hii ambapo vitu vilivyochukuliwa Afrika vinadaiwa na kurudishwa, "urejeshaji" umekuwa jina la kazi hiyo. Vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao zilizochongwa na kusimamishwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, viliibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka Marekani, na mwaka 2019 makumbusho moja ya Denver ilirudisha vingine 30. Barua yenye kichwa "Urejeshaji wa Vigango" leo yasomeka namna mbili: ama vigango vinarudi kwa wenyewe, ama fundi anavichonga pua zilizooza. Tofauti hiyo si ndogo, kwani kwa mila ya wenyewe kigango kikisimamishwa hakipaswi kung'olewa wala kufanywa kipya. Kinaachiwa jua, mvua na mchwa. Kukirejesha kwa maana ya kwanza ni haki. Kukirejesha kwa maana ya pili ni kuivunja mila ile ile inayodaiwa kuheshimiwa.

Dosari ya pili imo ndani ya kitenzi. "Rejesha" hudai mahali: kitu kinarejeshwa wapi? Mwandishi wa sentensi yetu ya zabuni alijibu "katika hali yake ya awali", na jibu hilo halina maana. Hali ya awali ya Karamu ya Mwisho ni ya mwaka 1498, na hakuna mtu aliye hai aliyeiona. Anayedai kuirejesha anaikisia. Hati ya Venice ya mwaka 1964, ambayo iliandikwa kwa ajili ya majengo lakini imewafaa wa michoro pia, inasema katika kifungu cha 9 kwamba kazi hii lazima ikome pale makisio yanapoanza, na katika kifungu cha 12 inataka kilichoongezwa kipatane na cha kale lakini kitambulike. Cesare Brandi, aliyeiongoza taasisi ya uhifadhi ya Roma tangu ilipoanzishwa mwaka 1939, alikwenda mbali zaidi na kufundisha kwamba kinachoshughulikiwa ni maada ya kazi ya sanaa tu. Katika taasisi hiyo ndipo ilipobuniwa njia ya kujaza mapengo kwa mistari myembamba iliyo wima: ukiwa mbali mchoro unaonekana mzima, ukisogea unaiona mistari na kujua kwamba hapa pana mkono mwingine.

Kwa hoja hizo mbili napendekeza "urejeshaji sura". Nyongeza ya neno moja inaondoa utata wa vigango, na tena inasema ukweli: kinachorudi ni sura, si hali, si wakati, si mkono wa marehemu.

Kitenzi kilichosalia katika ile sentensi ni "kusafisha", ambacho kinaonekana hakina hatia. Kwa kweli ndicho chenye hila kuliko vyote, kwa sababu kimekwisha kutoa hukumu kwamba kinachoondolewa ni uchafu. Baina ya 1980 na 1994 michoro ya Michelangelo katika kanisa dogo la Sistina, Vatikani, ilisafishwa. Chini ya masizi na gundi zilizopakwa na waliotangulia zilitokea rangi kali ambazo hazikutarajiwa. Wengi walishangilia. Wengine, akiwamo James Beck, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, walidai kwamba pamoja na masizi kimeondolewa pia kivuli ambacho Michelangelo mwenyewe alikitia baada ya lipu kukauka. Sina uwezo wa kuamua baina yao. Ninachoona ni kwamba ugomvi wote ulikuwa juu ya swali la kilugha: kile cheusi kiitwe nini? Kikiitwa "uchafu", kesi imekwisha. Kikiitwa "utando", kesi inaanza. Kwa hiyo katika nyaraka na tuandike "kuondoa utando", tukitaja ni utando wa nini, hadi hapo majaribio yatakapothibitisha kwamba ni uchafu.

Rembrandt anatupa mfano wa kuchekesha wa nguvu ya utando. Mwaka 1642 alichora kikosi cha wanamgambo wa Amsterdam kikitoka mchana. Vanishi ikageuka kuwa nyeusi kadiri miaka ilivyopita, na watu wa baadaye wakauita mchoro huo "Zamu ya Usiku". Vanishi iliyosawijika iliondolewa katika miaka ya 1940, mchana ukarudi, lakini jina limebaki usiku hadi leo. Mfasiri hana la kufanya ila kufasiri jina kama lilivyo, ingawa anajua kwamba anafasiri vanishi.

Maneno madogo ya kazi yenyewe hayapungui. Yametawanyika tu katika vibanda vya mafundi. Rangi inayojitenga na ukuta na kuanguka vipande vipande "hubambuka". Inayopoteza nguvu "huchujuka" au "hupauka". Kitambaa cha mchoro "huwambwa" juu ya fremu kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, na kikidhoofika hushikizwa kitambaa kingine kwa nyuma, ambacho mshonaji yeyote atakuambia ni "bitana". Maseremala wametupa "vanishi". Kitambaa chenyewe nakubali kiitwe "kanvasi", neno la kutohoa, kwa kuwa "turubai" humpeleka msomaji kwenye lori. Kutia rangi ndani ya pengo na kuishia ukingoni mwake ni "kujazia". Kutia rangi juu ya rangi ya mwenyewe ni "kufunika". Laiti maneno haya mawili yangefundishwa peke yake, nusu ya madhara yangeepukwa.

Kuna kanuni moja ya uhifadhi ambayo wafasiri huieleza kwa maneno matatu au manne yenye ladha ya ugeni, kama vile "inayoweza kurudishwa nyuma". Maana yake ni kwamba gundi au rangi anayoitia mhifadhi leo iweze kuondolewa na mhifadhi wa kesho bila kuumiza kilicho chini. Sarufi yetu ina kauli nzima kwa ajili ya wazo hili: funga na fungua, ziba na zibua, ezeka na ezua, bandika na bandua. Wanasarufi wameiita kauli ya kutendua. Basi gundi ya namna hiyo na iitwe "gundi inayotenduka", na kanuni yenyewe "utendukaji". Neno litasikika geni kwa mwezi mmoja.

Tukiyatumia hayo, sentensi yetu yaweza kuandikwa hivi: "Mhifadhi ataimarisha rangi inayobambuka kwa gundi inayotenduka, ataondoa utando wa vumbi na masizi kwa kiasi kitakachokubaliwa baada ya majaribio, mapengo atayajazia pale tu atakapoagizwa kwa maandishi, kwa namna itakayotambulika, wala hatafunika rangi ya asili mahali popote." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na mkaguzi wa hesabu hataipenda, maana haina mita za mraba.

Haja ya sentensi kama hiyo haiko Milano tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi. Hadibodi ikipata unyevu huvimba pembeni, na rangi yake hupasuka na kubambuka. Rangi za namna ile bado zinauzwa madukani, na wachoraji wa mtindo wake wako tele, wenye mkono mwepesi, ambao kwao kunakiliana si aibu bali ni desturi ya kazi. Mwenye kumiliki kibao cha Tingatinga mwenyewe hana jambo rahisi zaidi kuliko kumwita mmoja wao akamwambia, "Nikarabatie." Atarudishiwa kibao kizuri, kinachong'aa, cha mtu mwingine.

Limebaki neno moja ambalo wasomaji wa jarida hili huenda wakalipatia jibu bora. Ni ile sura ambayo kitu cha kale huipata kwa kuishi tu: vanishi iliyoiva, mbao iliyokolea kwa kushikwa na mikono, chokaa iliyopoa rangi. "Kutu" ni ya chuma na ni ugonjwa. "Uchakavu" ni lawama. Nimejaribu "ukale", kama katika "ondoa masizi, acha ukale", na mafundi wawili niliowasomea walielewa mara moja. Wa tatu aliniuliza unapimwaje.